Sauti za Kijapani ziachwe ndani ya gemu, anayetaka achague

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mwandishi wa ukurasa wa teknolojia ambaye wiki iliyopita aliwacheka vijana wanaorudisha sauti za Kijapani katika gemu zilizokwisha kutiwa Kiingereza. Kwa maoni yake hiyo ni kazi ya bure, tena ya maringo: Kijapani hawakijui hata salamu, sasa wanasikiliza nini? Akamaliza kwa kuwashauri nguvu hizo wazitumie kutia sauti za Kiswahili. Nilicheka palipochekesha, maana kalamu anayo. Lakini mimi posho yangu inatoka kwenye sauti, na naona jambo lenyewe alilipita kando bila kuligusa.

Nachanganya sauti katika studio ndogo ya VJ hapa Kampala. Kwa msomaji wa Tanga au Mombasa asiyefahamu: VJ ni msimulizi anayechukua filamu ya Marekani, India au Korea na kuisimulia kwa Kiganda juu ya sauti yake, ili mama muuza matoke na kijana wa bodaboda waifuate hadithi hadi mwisho. Kazi hii ilikulia kwenye vibanda vya video, VJ akiwa na maikrofoni yake ukumbini humo humo pamoja na watazamaji. Siku hizi tunarekodi studio na filamu inatembea kwa flashi na simu. Kina VJ Jingo na VJ Junior wanajulikana hapa kwetu kuliko wengi wa waigizaji wanaowasimulia. Kiswahili nimekipata kambini Nsambya, kwenye nyumba za polisi, ambako mtoto wa Mwacholi, wa Mteso na wa Mlugbara hawakuwa na lugha nyingine ya kugombania mpira. Na nikitoka kazini nacheza gemu za RPG, zile za hadithi ndefu kutoka Japani, ambazo moja tu yaweza kukumalizia msimu mzima wa mvua.

Sasa nikueleze tunavyofanya kwenye meza ya kuchanganyia sauti. VJ anapofungua mdomo nashusha sauti ya filamu, siizimi. Bosi wangu ana ishara zake: kiganja kikielekea chini, filamu ishuke, kidole kikiinuka, ipande. Mwigizaji akianza kulia, au kupiga mayowe, au kucheka kile kicheko chake cha peke yake, bosi ananyamaza na kidole kinainuka, maana anajua kilio hakihitaji msimulizi. Kijana mgeni kwenye meza hupenda kuizima filamu kabisa ili VJ asikike safi. Huyo anarudishwa kuanza upya. Filamu ikizimwa, habari za hadithi unazipata lakini aliyeigiza ameshaondoka, na wa kwanza kulalamika si msomi wa Makerere, ni yule mteja wa kibandani ambaye Kiingereza hakijui wala Kikorea. Ameizoea sauti ya jambazi wake. Anamtambua hata akiwa nyuma ya mlango.

Gemu ya Kijapani ikipelekwa Marekani na Ulaya, kwa miaka mingi haikufanyiwa adabu hiyo. Maandishi yanatafsiriwa, sawa. Kisha wanaajiriwa waigizaji wa Kiingereza, nayo pia ni sawa. Halafu sauti za Kijapani zinang'olewa zote, tangu neno la kwanza hadi mguno wa mwisho wa vitani, na diski inayofika kwenye maduka ya hapa haina hata alama kwamba kuna mtu aliwahi kusimama studio Tokyo akaigiza hayo. Hilo ndilo ninalolipinga, na hao vijana wanaochekwa ndilo wanalolitengeneza.

Tuanze na gemu ambayo wengi wa rika langu waliijua. Final Fantasy X ilitoka Japani mwaka 2001 kwa mashine ya PlayStation 2, yaani PS2, na ndiyo ya kwanza katika mfululizo huo ambamo wahusika walisema kwa sauti badala ya kuandikiwa tu. Midomo ya wahusika ilichorwa ifuate Kijapani. Walipokuja waigizaji wa Kiingereza, James Arnold Taylor akiwa Tidus na Hedy Burress akiwa Yuna, midomo ilikuwa imeshapangwa, nao ikawabidi waingize sentensi zao ndani ya mwanya uliopimwa kwa lugha nyingine. Sentensi fupi wakaivuta, ndefu wakaikimbiza. Binti wa dada yangu, ambaye hata kusoma hajaanza vizuri, aliniuliza, "Mjomba, mbona huyu anaongea kama anapanda ngazi?" Sikuwa na la kumrekebisha. Nawaheshimu wale waigizaji, na kwa mtu aliyewahi kukaa mezani inasikika wazi kwamba walikuwa wamefungwa mikono. Mkosaji ni aliyeamua kwamba tusipewe nafasi ya kuchagua.

Wapo watakaosema nafasi haikuwepo kweli. DVD ya kawaida ya PS2 ilibeba gigabaiti 4.7, na sauti hula nafasi. Nakubali, na ni sababu nzuri kwa gemu zilizokuwa zimejaza diski pomoni. Iko pia habari ya mikataba: waigizaji wa sauti wa Japani wana mawakala wao, na kuzitumia sauti hizo nje ya nchi kunaweza kuhitaji mazungumzo mengine na malipo mengine. Mchapishaji wa nje akihesabu gharama anaona bora aziache. Hizo ni sababu za biashara na nazielewa, kwani hata bosi wangu anahesabu. Ila mwaka 2011 Xenoblade Chronicles ilifika Ulaya kwenye diski ya Wii ikiwa na sauti zote mbili, za Kiingereza cha Uingereza na za Kijapani, unachagua kwenye menyu. Wii haikuwa mashine ya kutisha kwa ukubwa wa diski. Palipokuwa na nia, nafasi ilipatikana.

Nirudi kwenye hili la maringo, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 2002 Wajapani wenyewe waliuziwa toleo la Final Fantasy X lililoitwa International, ambalo sauti zake ni za Kiingereza na maandishi ya chini ni ya Kijapani. Mwaka huo huo Kingdom Hearts Final Mix nayo ikauzwa Japani kwa sauti za Kiingereza. Kwa hiyo Mjapani asiyejua Kiingereza aliketi kwake Osaka akasikiliza Wamarekani na kusoma maandishi, na hakuna aliyemwambia anajidai. Hapa kwetu ndiyo usiseme. Kambini Nsambya, Jumamosi jioni, redio ziliwashwa nyumba kwa nyumba kwa rumba ya Kongo, na maofisa wenye vyeo walijua kila kilio cha mwimbaji kilipo, pahali pa gitaa kupanda, pahali pa kusimama na kurudi. Kilingala hawakijui. Mwandishi wetu akiwa na muda aje awaulize wazee hao walikuwa wanasikiliza nini.

Filamu inakwisha kwa saa mbili. RPG kubwa si hivyo. Persona 5 inakaribia saa 100 kama huna haraka, na saa zote hizo uko na watu wale wale: wanakusalimia asubuhi, wanakukemea ukichelewa, wanapiga kelele ile ile kila wakirusha pigo lile lile. Sauti usiyoipenda katika filamu unaivumilia. Katika RPG inahamia nyumbani kwako. Ndiyo maana wachezaji wa gemu hizi wanagombania jambo ambalo mtu wa gemu za mpira analiona dogo, kwa kuwa yeye mtangazaji wa mechi akimchosha anamzima na mpira unaendelea.

Mfano unaoniuma kama fundi ni wa Tales of Vesperia. Ilitoka mwaka 2008 kwa Xbox 360, na kwa Kiingereza mhusika mkuu, Yuri, aliigizwa na Troy Baker, naye alifanya kazi nzuri sana, pengine nzuri kuliko zote za mfululizo wa Tales. Mwaka 2009 Japani ikapata toleo la PS3 lenye hadithi zaidi na mazungumzo zaidi, nasi tusiosoma Kijapani tukabaki tunasikia sifa zake tu. Lilipokuja toleo kamili kwa dunia nzima Januari 2019, sehemu zile mpya zilihitaji sauti ya Kiingereza ya Yuri, na safari hii akasema Grant George. Maneno ya zamani yakaachwa kwa Troy Baker. Kwa hiyo mtu mmoja ana makoo mawili. Anaingia mlango huu na sauti hii, anatokea mlango ule na nyingine. Grant George si mbaya hata kidogo, lakini mchanganyaji yeyote atakwambia kwamba hata mtu yule yule, akirekodi siku mbili tofauti mbele ya maikrofoni mbili tofauti, unapata kazi ya kuzilainisha. Sembuse watu wawili kwa miaka zaidi ya kumi. Bahati nzuri toleo hilo lina menyu ya sauti. Unabonyeza, anakuja Kosuke Toriumi, mwigizaji wa Kijapani, na Yuri anakuwa mtu mmoja mwanzo hadi mwisho. Sikuhitaji kujua Kijapani kuisikia tofauti hiyo. Nilihitaji masikio.

Menyu ile ingekuwepo tangu zamani, hawa vijana wasingekuwa na kazi. Lakini gemu za PS2 ziko nyingi ambazo hazikuwahi kupewa, na hapo ndipo wanapoingia. Wacha nieleze inavyofanyika, kwa sababu makala ile iliifanya ionekane kama kubonyeza kitufe. Unahitaji diski mbili, ya Kiingereza na ya Kijapani. Zote unazisoma kwa kompyuta na kuzifungua, ndani unakuta mabunda ya faili. Gemu nyingi za wakati ule zilihifadhi sauti kwa muundo wa ADX, wa kampuni ya Kijapani CRI, na mara nyingi sentensi moja ni faili moja yenye namba. Ikiwa waliotafsiri hawakuvuruga mpangilio, namba ya faili ya Kiingereza inalingana na ya Kijapani, na unabadilisha moja kwa nyingine. Wakivuruga, keti usikilize moja moja.

Ugumu wenyewe unaanza baada ya hapo. Maandishi ya chini yamepimwa yakae kwenye skrini kwa muda wa sauti ya Kiingereza. Unapoweka ya Kijapani iliyo ndefu kidogo, maandishi yanaondoka na mtu bado anaongea, au gemu inakata sauti yake katikati na kwenda sentensi inayofuata. Kijana mmoja wa karibu na studio yetu alikwama hapo, akaniletea faili zake nimsaidie. Sentensi yenyewe ilikuwa ya msichana anayeomba msamaha. Ilizidi kwa kiasi kidogo tu, na mwanzoni kabisa kulikuwa na kimya kifupi kabla ya neno la kwanza. Kila fundi angekata hapo. Nikavaa hedifoni, nikapandisha sauti, nikasikia kwamba kimya kile si kimya. Kuna pumzi. Msichana anavuta pumzi, inakwama, anaiachia, ndipo anasema. Ukiikata anakuwa mtu anayesoma risala. Tukaiacha pumzi, tukatafuta pa kupunguza mwishoni, ambako mlikuwa na mwangwi wa chumba tu. Kazi ya sentensi moja, na gemu nzima ina maelfu. Mtu wa maringo hafiki faili ya kumi.

Na kuna gemu ambazo Kiingereza chake kina mashimo kabisa. Tales of the Abyss ilifika Marekani mwaka 2006. Ina vile vipindi vifupi njiani, wahusika wanasimama, nyuso zao zinajitokeza kwenye visanduku, wanataniana, wanalaumiana, wanaulizana habari ya chakula. Japani vilisemwa vyote kwa sauti. Katika toleo la Kiingereza visanduku vinajitokeza, midomo inafunguka na kufumba, na hakuna anayesema kitu, unasoma tu. Muziki unacheza nyuma peke yake. Mtu akirudisha Kijapani katika gemu hiyo hapo hajabadilisha sauti ya yeyote, kwa kuwa haikuwepo. Amerudisha kilichoachwa bandarini.

Sitaki kuonekana kwamba kila cha Kijapani ni bora kwa kuwa ni cha Kijapani, ugonjwa huo upo na nimekutana na wagonjwa wake. Wanaibeza kila sauti ya Kiingereza kabla hawajaisikia. Hao nawaonesha Dragon Quest VIII. Japani ilitoka mwaka 2004 ikiwa bubu, maandishi matupu. Sauti zilitengenezwa kwanza kwa ajili ya toleo la Kiingereza, na ni za kupendeza. Dragon Quest XI ikarudia: 2017 Japani bubu, 2018 dunia nyingine ikapata sauti za Kiingereza, na Wajapani wakasubiri hadi toleo la 2019 ndipo wakasikia wahusika wao wakisema Kijapani. Final Fantasy XII nayo, ya mwaka 2006, Kiingereza chake mimi nakipenda hata leo, ingawa toleo jipya la 2017 limenipa Kijapani kwenye menyu.

Tena kuna faida moja ya Kiingereza ambayo ndugu zangu wa upande wa Kijapani hawaisemi. Katika gemu nyingi za aina hii wahusika wanaongea pia katikati ya mapigano, wanaonyana, wanaombana dawa, wanataniana baada ya ushindi, na maneno hayo hayaandikwi popote kwenye skrini. Ukiwa umeweka Kijapani, hayo yote yanakupita. Na asiyeona vizuri, au anayesoma polepole, sauti anayoielewa ndiyo gemu yenyewe. Kaka yangu mkubwa ni wa namna hiyo. Akija kwangu naweka Kiingereza na hatugombani. Kwa hiyo sisemi Kiingereza kiondolewe. Nasema kisimfukuze mwenzake.

Kuhusu wizi sitakaa sana. Anayechukua gemu nzima akaiweka bure mtandaoni anakosa, na Uganda tuna Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006 inayomtambua hata mwigizaji, si mtunzi tu. Lakini mafundi wenye haya zao hawatoi gemu. Wanatoa kiraka, faili yenye tofauti tu kati ya toleo moja na lingine, na bila diski yako mwenyewe haikufaidii kitu. Kama hilo nalo ni kosa, wenye sheria watuambie. Sisi wa studio za VJ hatuna ubavu wa kumhubiria mtu hakimiliki, mlangoni kwetu pana vumbi letu. Ila nauliza: kati ya mchapishaji aliyeifuta kazi ya mwigizaji na kijana aliyeirudisha, nani amemheshimu zaidi yule mwigizaji?

Wachapishaji siku hizi wamebadilika, na nafikiri kelele za wachezaji zilichangia. Nier: Automata ya 2017 ilikuja na sauti zote mbili. Persona 5, mwaka huo huo, ilitoa sauti za Kijapani kama nyongeza ya bure ya kupakua. Xenoblade Chronicles 2 ikafanya vivyo hivyo mwezi wa Desemba. Wa Ulaya walishangilia. Mimi nilipoona "bure" nikatabasamu. Bure ya kupakua, Mhariri, ni bure ya mtu mwenye waya wa intaneti ukutani. Hapa tunanunua bando, na tangu Julai 2021 data ya intaneti inatozwa kodi ya asilimia 12 juu ya bei ambayo tayari ilikuwa inauma. Final Fantasy XIII ni mfano mzuri na mchungu kwa pamoja. Mwaka 2010 ilipotoka kwa PS3 na Xbox 360 nje ya Japani, mhusika mkuu, Lightning, alisema kwa sauti ya Kiingereza ya Ali Hillis tu. Mwaka 2014 ikaja ya kompyuta, na ndani yake yumo pia Maaya Sakamoto, aliyemwigiza kwa Kijapani tangu mwanzo. Heri! Sasa tazama ukubwa wake: gigabaiti 60. Mtu wa Kampala anayelipia intaneti kwa simu aipakue gigabaiti 60, umeme usikatike, mtandao usilegee, ndipo amsikie Sakamoto. Wengi wanaishia kumwomba mwenye intaneti ya ofisini awashushie usiku.

Ndiyo maana ombi langu kwa wachapishaji linatofautiana kidogo na la wachezaji wa Marekani. Wao wanadai sauti za Kijapani ziwepo. Mimi nadai ziwepo ndani ya diski. Nyongeza ya kupakua ina ubaya mwingine: siku duka la mtandaoni la mashine hiyo likifungwa, aliyenunua diski baadaye sokoni Owino hana pa kuitoa nyongeza hiyo. Diski zinaishi kwetu kuliko kwao. Mashine zinazofika hapa nyingi zimeshatumika kwingine, zinaingia na gemu zake, zinapita mikono mitatu minne. Kilichomo kwenye diski kinafika Gulu. Kilichoachwa mtandaoni hakifiki.

Imebaki hoja ya Kiswahili, ambayo mwandishi aliiweka mwisho ili tushindwe kuipinga. Nani atasema hataki Kiswahili? Katiba yetu tangu marekebisho ya 2005 inakitambua kama lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Ningefurahi kuona RPG ya Kijapani yenye maandishi ya Kiswahili, na hata leo akitokea wa kuitafsiri nitamsaidia bila malipo. Maandishi kwanza, kwa sababu ndiyo yanayofungua mlango, na hayahitaji studio wala waigizaji mia. Sauti za Kiswahili zije baadaye, zikiwa na waigizaji waliolipwa, si jamaa watatu wanaobadilisha pua. Lakini zikija, zikae kwenye menyu karibu na za Kijapani. Tukizifuta za Kijapani ili kuweka zetu, tutakuwa tumefanya kile kile tunacholalamikia, tofauti ni kwamba safari hii mfutaji ni sisi.

Nina neno pia kwa wauzaji wa gemu wa hapa mjini, hasa wa maduka ya ghorofani wanaouza diski zilizotumika. Nyuma ya makasha mengi mchapishaji ameandika lugha za sauti na lugha za maandishi, kwa herufi ndogo, karibu na chini. Nanyi stika ya bei mnaibandika papo hapo, juu ya herufi hizo. Ibandikeni mbele. Na wewe mnunuzi, kasha lisiposema kitu, mwombe muuzaji aiweke diski kwenye mashine, ufungue menyu ya sauti kwa mkono wako, ndipo utoe pesa. Akikataa, duka la pili liko mlango unaofuata.

Wako,
Mchanganyaji sauti,
Nsambya, Kampala